Jinsi Wakatoliki Walivyojifunza Maandiko Matakatifu

Methali yasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Yamhusu mwenye duka auzaye na kukopesha mwaka mzima bila kuandika, kisha siku ya hesabu hajui nani anamdai wala nani anadaiwa naye. Katika insha hii, msomaji, nakuomba uichukue methali hiyo uipimie mali ya namna nyingine, nayo ni elimu ya dini. Kwa muda mrefu sana watoto wa Kikatoliki, huko Ulaya na hapa kwetu Afrika ya Mashariki, walilelewa wakiwa na mali nyingi ya Maandiko Matakatifu vinywani mwao. Lakini daftari la mali hiyo, yaani Biblia yenyewe, aghalabu hawakulishika mikononi. Kwa nini ikawa hivyo? Walijifunza kwa njia gani? Na nini kiliwapata siku walipolifungua daftari? Hayo ndiyo maswali tutakayoyafuata.

Huenda wewe ni Mkatoliki, au Mprotestanti, au Mwislamu, au hufuati dini yoyote. Jambo hili lakuhusu vilevile, kwa maana si habari ya kanisa moja tu. Ni habari ya tofauti iliyopo kati ya kulijua jambo kwa kulisikia na kulikariri, na kulijua kwa kulisoma na kulichunguza. Kila mwanafunzi hukutana na tofauti hiyo darasani.

Tuanze mbali, lakini tusitoke katika bara letu. Mwaka 180, katika mji wa Carthage ulioko Afrika ya Kaskazini, Wakristo 12 kutoka mahali palipoitwa Scillium walisimamishwa mbele ya liwali wa Kirumi. Liwali aliwauliza wana nini katika sanduku lao. Msemaji wao, aliyeitwa Speratus, akajibu kwamba ni vitabu na nyaraka za Paulo. Walipokataa kuiacha imani yao wakauawa kwa upanga siku ile ile. Habari ya hukumu yao ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Wakristo yaliyoandikwa kwa Kilatini. Yatuonyesha kwamba Waafrika walikuwa na Maandiko tangu zamani, wakayathamini kuliko uhai.

Lakini usidhani kwamba kila mmoja wao alikuwa na kitabu chake nyumbani. Zama zile kila kitabu kiliandikwa kwa mkono, harufi baada ya harufi, na bei yake ilikuwa kubwa. Tena watu waliojua kusoma walikuwa wachache. Mmoja alisoma, na wengine wakasikiliza. Kwa hiyo njia ya sikio ilikuwa ya lazima, haikubuniwa ili kuwanyima watu kitu.

Mwaka 382 Papa Damasus alimwagiza mtaalamu mmoja jina lake Jerome aisahihishe tafsiri ya Kilatini ya Injili. Jerome akaendelea na kazi, akahamia Bethlehemu, akajifunza Kiebrania kwa taabu, na kufikia mwanzo wa karne ya 5 alikuwa amelitafsiri karibu Agano la Kale lote. Tafsiri yake ikaja kuitwa Vulgata, jina litokalo katika neno la Kilatini lenye maana ya watu wa kawaida, kwa kuwa ndiyo iliyotumiwa na wengi. Jerome mwenyewe alifundisha kwamba asiyeyajua Maandiko hamjui Kristo. Alitafsiri kwa Kilatini kwa sababu Kilatini ndiyo lugha iliyosemwa sokoni na nyumbani katika nchi za magharibi. Karne zilipopita watu wa nchi zile wakaanza kusema Kifaransa, Kitaliano, Kihispania na lugha nyinginezo, na Kilatini kikabaki lugha ya wasomi na ya altare. Basi kitabu kilichotafsiriwa ili watu wafahamu kikawa kitabu wasichoweza kukifahamu pasipo mwalimu. Hakuna aliyekifunga kwa ufunguo. Lugha ilihama, kitabu kikabaki palepale.

Ufunguo ulikuja baadaye, nao ulikuja pamoja na mashine ya kupiga chapa. Yapata mwaka 1455 Johannes Gutenberg alipiga chapa Biblia ya Kilatini katika mji wa Mainz, Ujerumani. Mwaka 1466 Biblia ya Kijerumani ikapigwa chapa Strasbourg, na mwaka 1471 ya Kitaliano ikatoka Venice. Angalia tarehe hizo vizuri, kwa maana zote ni za kabla ya kuzaliwa kwa Martin Luther. Kwa hiyo si kweli kwamba Wakatoliki hawakuwa na Biblia katika lugha zao mpaka Waprotestanti walipowaletea. Lakini Luther alipotoa Agano Jipya la Kijerumani mwaka 1522, na Biblia nzima mwaka 1534, kitabu hicho kilikuwa katikati ya ugomvi uliokuwa ukilipasua Kanisa. Luther alisema kwamba Maandiko peke yake yatosha kuwa kipimo cha imani. Viongozi wa Kanisa Katoliki wakajibu kwamba Maandiko hayawezi kutengwa na mapokeo ya Kanisa lililoyahifadhi.

Wakati wa ugomvi kila upande hulinda mlango wake. Katika Mtaguso wa Trent, yaani mkutano mkuu wa maaskofu uliofanyika kati ya 1545 na 1563, Vulgata ilitangazwa kuwa tafsiri halali ya kufundishia. Mwaka 1564 ikatolewa sheria kwamba Mkatoliki atakaye kusoma Biblia katika lugha yake sharti apate ruhusa kwanza. Sheria hiyo ililegezwa mwaka 1757, tafsiri zenye maelezo yaliyokubaliwa zikaruhusiwa. Lakini mazoea ya karne mbili hayafutwi kwa waraka mmoja. Hofu ilikwisha kuingia majumbani, na watu wengi wakaona kuisoma Biblia peke yako ni tabia ya Waprotestanti.

Badala ya Biblia mtoto alipewa katekisimu, kitabu kidogo cha maswali na majibu. Luther alitoa yake ndogo mwaka 1529, kwa hiyo usidhani ni chombo cha Wakatoliki pekee. Kwa upande wa Wakatoliki, Petrus Canisius alitoa yake mwaka 1555 na Robert Bellarmine mwaka 1597, na nyingine nyingi zikafuata mfano wao. Fikiri faida ya kitabu kama hicho: ni chepesi, bei yake ni ndogo, na mtoto asiyejua kusoma aweza kukishika chote kichwani kwa kumsikiliza mwalimu. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa wamisionari walipoanza kuja katika nchi zetu.

Walikuja kwa njia mbili. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kianglikana cha CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo alimzika mkewe na mtoto wake mchanga, na mwaka huo huo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na Agano Jipya alilolisimamia likakamilika mwaka 1879. Biblia nzima ya Kiswahili ikapatikana mwaka 1891, yeye akiwa amekwisha kufariki. Kwa Waprotestanti hao kazi ya kwanza ilikuwa kutafsiri, ili mtu asome mwenyewe.

Mapadre wa Kikatoliki walifika Unguja mwaka 1860, na mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu wakajenga misheni Bagamoyo, walikowatunza watumwa waliokombolewa. Katika nchi ya Kenya walifungua misheni ya St. Austin's, Nairobi, mwaka 1899. Wamisionari wa Consolata walifika nchi ya Murang'a mwaka 1902, na wale wa Mill Hill wakafika Kisumu mwaka 1903. Hao nao walijifunza lugha zetu, wakaandika sarufi na kamusi. Lakini vitabu walivyovitanguliza vilikuwa katekisimu, kitabu cha sala na nyimbo, na masimulizi ya Biblia yaliyofupishwa. Kwao kazi ya kwanza ilikuwa kufundisha, ili mtu abatizwe hali anajua anachokiamini.

Hata hivyo watu wetu hawakuitazama tofauti hiyo kama wageni walivyoitazama. Waganda waliwaita wafuasi wa dini mpya *abasomi*, na Wakikuyu wakawaita *athomi*. Maneno yote mawili maana yake ni wasomaji. Machoni pa jirani, kuingia katika dini mpya kulikuwa ni kwenda kusoma, ikiwa kwa padre au kwa Mprotestanti.

Tusimame kidogo katika nchi ya Buganda, kwa maana huko njia hizi mbili zilipimwa kwa moto. Alexander Mackay wa CMS alifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1878, akawa akisoma Maandiko ya Kiswahili mbele ya baraza, kwa kuwa Kiswahili kilifahamika pale kutokana na biashara ya pwani. Mwezi wa Februari 1879 akafika Padre Siméon Lourdel wa shirika la Mapadre Weupe. Haukupita muda wakabishana mbele ya mfalme. Kila mmoja akapata wanafunzi wake miongoni mwa vijana wa ikulu, mmoja akifundisha kwa kitabu zaidi, mwingine kwa maswali na majibu zaidi.

Mwezi wa Novemba 1882 mapadre waliondoka Buganda, wasirudi mpaka Julai 1885. Kwa karibu miaka mitatu wanafunzi wao walibaki bila padre na bila Misa. Dini haikufa. Waliokwisha kujifunza waliwafundisha wenzao yale waliyoyashika moyoni, na mapadre waliporudi wakakuta wanafunzi wengi kuliko waliowaacha. Kisha Kabaka Mwanga akawageukia Wakristo. Usiku mmoja wa mwezi wa Mei 1886 Charles Lwanga, aliyekuwa mkuu wa vijana wa ikulu, aliwabatiza kwa mkono wake wenzake wasiokuwa wamebatizwa bado, miongoni mwao Kizito, kijana wa yapata miaka 14. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Kati ya 1885 na 1887 waliuawa kwa ajili ya imani Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wale wa Kikatoliki walitangazwa watakatifu huko Roma mwaka 1964.

Nakutajia habari hii, msomaji, kwa sababu mara nyingi leo twacheka elimu ya kukariri, tukiita elimu ya kasuku. Lakini kilicho moyoni hakiporwi njiani wala hakihitaji taa. Vijana wale hawakuwa na padre wa kuwafariji. Walikwenda kifoni wakisali sala walizozijua kwa moyo.

Sasa tumtazame mtoto wa Kikatoliki wa Kenya kabla ya miaka ya 1960. Mwalimu wake wa kwanza hakuwa padre bali katekista, mtu wa kijiji chake, aliyefundisha chini ya mti au katika kibanda cha nyasi. Katekista husoma swali, na watoto huitikia jibu kwa sauti moja, mara kumi, mara ishirini, mpaka ulimi unazoea. Swali la kwanza kwa kawaida lilihusu aliyemwumba mtu, na lililofuata lilihusu sababu ya kuumbwa kwake. Siku ya mtihani padre aliuliza, na aliyekosa alingoja mpaka mwaka mwingine. Shirika la Mapadre Weupe, lililofanya kazi katika nchi jirani za Uganda na Tanganyika, lilikuwa na kanuni ya mwanzilishi wake, Kardinali Lavigerie, kwamba mtu mzima afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa.

Jumapili mtoto huyo alikwenda kusikiliza Misa ya Kilatini. Padre alielekea altareni, akasoma Waraka na Injili kwa Kilatini, na mara nyingi akarudia Injili kwa lugha ya watu kabla ya kuhubiri. Masomo hayo yalizunguka kwa mwaka mmoja, kisha yakarudi yaleyale, na Agano la Kale lilikuwa nadra kusomwa siku ya Jumapili. Mtoto aliyetumikia altareni alijibu kwa Kilatini maneno asiyoyafahamu, kwa ufasaha ulioshangaza wageni. Jambo hili halikuwa geni katika nchi zetu. Mtoto wa chuoni huko Lamu au Mombasa naye hujifunza kuisoma na kuihifadhi Kurani kwa Kiarabu kabla ya kuelezwa maana yake. Wazee wa dini zote mbili waliamini kwamba neno takatifu huingia kwanza, na maana hufuata mtoto akipata akili.

Jioni familia ilisali rozari. Katika mafungu matano ya rozari Salamu Maria husemwa mara 50. Sasa sikiliza neno ambalo wengi waliolelewa hivyo hawakulijua mpaka walipokuwa watu wazima: nusu ya kwanza ya sala hiyo yatoka katika Injili ya Luka, sura ya 1, ni salamu ya malaika Gabrieli ikiunganishwa na salamu ya Elisabeti. Mtoto aliyesali rozari kila jioni aliyatamka maneno ya Luka mara maelfu kwa mwaka. Aliulizwa kama ameisoma Injili ya Luka, akasema hapana. Hiyo ndiyo mali bila daftari.

Mahali hasa palipouma palikuwa penye majadiliano. Shule zenyewe zilitenganishwa: Waprotestanti walikuwa na Alliance, iliyofunguliwa mwaka 1926, na Wakatoliki walikuwa na Mang'u, ambayo asili yake ni shule iliyoanzishwa Kabaa mwaka 1925. Wakati wa likizo wanafunzi wa pande zote mbili walirudi katika ukoo mmoja na pengine katika boma moja. Jioni wakabishana. Mprotestanti aliuliza swali moja tu: "Imeandikwa wapi?" Naye alitaja kitabu, sura na aya kwa upesi. Mkatoliki alilijua jibu la swali la imani neno kwa neno, ila hakujua limetoka wapi. Mwingine alinyamaza kwa haya. Mwingine alikasirika, akasema padre ndiye ajuaye. Ndugu waliokula chungu kimoja wakaanza kuonana kama wageni.

Na wakati mwingine hata kama angekuwa na kitabu asingeshinda mabishano. Akiulizwa kwa nini Wakatoliki huwaombea wafu, angeweza kukitaja Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, ambamo Yuda Makabayo atoa sadaka kwa ajili ya askari waliokufa. Lakini Biblia ya kawaida ya Waprotestanti ina vitabu 66, na ya Wakatoliki ina 73. Wamakabayo wamo katika vile saba visivyo upande wa pili, pamoja na Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira na Baruku. Ndugu wawili walikuwa wakishindania daftari, na madaftari yenyewe hayakuwa sawasawa.

Mabadiliko hayakuja ghafula. Mwaka 1890 ilifunguliwa Jerusalem shule ya mapadre ya kuchunguza Biblia mahali ilipoandikwa. Mwaka 1893 Papa Leo XIII alitoa waraka wa kuhimiza elimu ya Maandiko. Mwaka 1943, vita vikiwaka duniani, Papa Pius XII aliwaagiza wataalamu wazirudie lugha za asili, Kiebrania na Kigiriki, na kuchunguza namna watu wa kale walivyoandika. Lakini elimu hiyo ilikuwa ya vyuo vikuu. Mtoto wa chini ya mti hakuipata bado.

Kilichomfikia ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokutana Roma kuanzia 1962 mpaka 1965. Kutoka kwetu walikuwamo Kardinali Laurean Rugambwa wa Tanganyika, Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kuwa kardinali, na Askofu Maurice Otunga wa Kenya, ambaye naye alifanywa kardinali mwaka 1973. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso uliruhusu lugha za watu zitumike katika ibada. Siku nane baadaye, tarehe 12 Desemba, Kenya ikapata uhuru. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja, lakini Mkenya Mkatoliki aliyapokea katika juma moja baada ya jingine: bendera yake, na ruhusa ya kumsikia Mungu akinenwa katika lugha yake. Tarehe 18 Novemba 1965 ukatolewa waraka juu ya Ufunuo wa Mungu, ulioagiza kwamba waamini wote wafunguliwe njia pana ya kuyafikia Maandiko, na hata tafsiri zifanywe kwa kushirikiana na Wakristo wengine. Mwaka 1969 ukatoka mpango mpya wa masomo ya Misa: kila Jumapili masomo matatu, kwa kawaida moja la Agano la Kale, na mzunguko wa miaka mitatu badala ya mmoja.

Si wote waliofurahi. Wazee wengine walisikitika kuiona Kilatini ikiondoka, kwa maana waliipenda kama mtu apendavyo sauti ya mzazi aliyekufa. Yatupasa kuwaheshimu, walikuwa wakiaga mali waliyoibeba tangu utoto.

Mwaka 1968 vyama vya Biblia na Kanisa Katoliki walikubaliana juu ya kanuni za kutafsiri pamoja, na katika miaka ya 1990 ikatoka Biblia Habari Njema ya Kiswahili, kazi iliyowaunganisha wataalamu wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika ya Mashariki, walipokutana Nairobi, walikaza shauri la kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Katika jumuiya hizo majirani hukutana nyumba kwa nyumba, husoma Injili ya Jumapili ijayo, na kila mtu hupewa nafasi ya kusema neno lililomgusa. Angalia namna mambo yalivyogeuka. Mara nyingi msomaji ni kijana wa sekondari, na bibi asiyejua kusoma husikiliza. Huyo bibi huikatiza sauti ya kijana akasema, "Neno hilo nalijua!" Kijana ana daftari, na bibi ana mali.

Yule aliyelelewa kwa katekisimu alikuta nini alipoifungua Biblia mwenyewe? Alikuta mambo ya namna tatu. Kwanza alikuta rafiki zake wa zamani. Maneno ya unyenyekevu asemayo kabla ya Komunyo aliyakuta kinywani mwa yule akida wa Kapernaumu, askari mgeni aliyemwombea mtumishi wake. Wimbo wa Mtakatifu aliukuta katika maono ya nabii Isaya, sura ya 6. Wimbo wa Utukufu aliukuta ukianzwa na malaika mbele ya wachungaji wa Bethlehemu.

Pili, hakukuta baadhi ya aliowatafuta. Njia ya Msalaba ina vituo 14, na mtoto aliyapita macho yake juu ya picha hizo kila Ijumaa ya Kwaresima. Alipoisoma Injili hakumwona Veronika aliyeupangusa uso wa Yesu, wala hakuona kuanguka mara tatu. Hakuona kwamba mamajusi walikuwa watatu. Mathayo ataja zawadi tatu, lakini hatoi hesabu ya watu. Majina ya wazazi wa Bikira Maria, Yoakimu na Anna, hayamo katika kitabu chochote cha Biblia. Hayo yalitoka katika mapokeo na maandishi mengine ya kale. Mwaka 1991 Papa Yohane Paulo II aliongoza Njia ya Msalaba yenye vituo vilivyotoka vyote katika Injili, bila kuikataza ile ya zamani.

Tatu, alikuta mambo ambayo hakuna aliyemwambia. Alikuta masimulizi mawili ya uumbaji mwanzoni mwa kitabu cha Mwanzo, yasiyofuata taratibu moja. Alikuta orodha ya mababu wa Yesu katika Mathayo isiyolingana na ile ya Luka. Alimkuta Ayubu akimdai Mungu sababu, na Zaburi zenye hasira kali. Katekisimu ilimzoeza kwamba kila swali lina jibu lake chini yake, mstari mmoja tu. Sasa alikutana na kitabu ambacho maswali mengine huulizwa yakaachwa.

Hapo ndipo elimu ya kweli ilipoanza, na hapo ndipo wengine walipoogopa. Mmoja alikifunga kitabu, akasema kinamtia mashaka. Mwingine aliyatupa yote aliyofundishwa utotoni, akasema alidanganywa. Wote wawili walifanya haraka. Orodha ya vitabu vya Biblia yenyewe haikuanguka kutoka mbinguni; ilithibitishwa na maaskofu waliokutana, na miongoni mwa mikutano hiyo ni ule wa Hippo mwaka 393 na wa Carthage mwaka 397, yote miwili katika Afrika ya Kaskazini. Yaani katika mji ule ule ambako Speratus aliulizwa habari za sanduku lake, watu walikaa wakahesabu ni vitabu gani vistahiliavyo kuwekwa ndani. Waliokihesabu kitabu ni jamii ya watu waliokuwa tayari wakiimba, wakisali na kusimuliana. Asiyejua habari hiyo huona sikio na jicho kuwa maadui. Aijuaye huona kwamba jicho lilizaliwa nyumbani mwa sikio.

Leo, msomaji, Biblia yapatikana hata ndani ya simu, katika lugha nyingi na kwa gharama ndogo. Hatari ya zama zetu si ile ya zamani. Zamani mtu alikuwa na maneno mengi moyoni asijue yalikotoka. Leo mtu aweza kuitafuta aya moja kwa dakika moja, akaikata kutoka katika sura yake, akampigia nayo jirani, kisha akaisahau kabla ya jioni. Huyo naye ana hasara: ana daftari lisilo na mali. Kurasa zimejaa, na moyoni hamna kitu kitakachombakia siku atakayokuwa gizani bila simu na bila mwalimu.

Basi, uwe wa dini gani au wa somo gani, yachukue mafunzo ya watu hawa. Ukipewa jibu likariri, lakini usiache kuuliza limeandikwa wapi, kwa maana kuuliza si ujinga. Ukilikuta limeandikwa, soma na yaliyotangulia na yanayofuata, uone liliandikwa na nani na kwa ajili ya nani. Na ukimkuta mzee ajuaye kwa moyo jambo ulilolisoma jana tu kitabuni, usimcheke kwamba hajui sura na aya. Mwonyeshe ukurasa, naye akufundishe namna ya kuubeba.